Wanetu na Sare Nyeupe ya Wanamaji



Kuna swali ambalo hutufikia kwa sura nyingi, aghalabu kutoka kwa akina mama: mwanangu asema ataka kuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji, aanzie wapi? Nyuma ya swali hilo huwa pana jingine lisilosemwa waziwazi, nalo ni: je, nimkubalie? Juma hili tumeazimia kuyashika yote mawili. Tutaanza na la kwanza, kwa kuwa ndilo lenye majibu yanayoweza kuandikwa.

Kambi kuu ya Jeshi la Wanamaji iko Mtongwe, ng'ambo ya mkondo wa Kilindini. Watoto wa Likoni na Mtongwe wameamka wakiziona manowari za kijivu tangu wangali wakibebwa mgongoni. Lamu nako, kambi ya Manda si mahali pa kuulizia njia. Hata hivyo, ukaribu wa macho haujawa ukaribu wa elimu. Mtoto wa Pwani anaweza kukutajia jina la chombo kwa kukitazama tu kutoka mbali, ilhali hajui mtu aliyesimama pale juu na kuamuru kipinde upande gani amefikaje pale. Tumewasikia vijana wenye akili njema wakisema kwamba hiyo ni kazi ya kujuana. Tunadhani sababu moja ya maneno hayo ni kwamba hakuna aliyekaa nao akawaeleza kuwa milango ipo zaidi ya mmoja, na kwamba kila mlango una wakati wake wa kufungwa.

Historia yenyewe haikutusaidia. Mwaka 1933 Waingereza waliunda hapa Mombasa kikosi cha akiba cha wanamaji wa kujitolea. Katika miaka ya 1950 likawepo Jeshi la Wanamaji la Kifalme la Afrika Mashariki, lililovunjwa mwaka 1962. Tarehe 12 Desemba 1964 ndipo likazaliwa Jeshi la Wanamaji la Kenya. Katika zama za ukoloni wazee wetu walichukuliwa kwa ujuzi wao wa bahari, lakini amri zilitoka kwa Wazungu, na hata baada ya uhuru ilipita miaka kadhaa kabla ya Mkenya wa kwanza, J. C. J. Kimaro, kukabidhiwa uongozi wa jeshi hilo mwaka 1972. Mambo yamebadilika sana tangu hapo. Majenerali watatu waliolelewa na Wanamaji wamewahi kushika uongozi wa majeshi yetu yote: Joseph Kibwana kutoka mwaka 2000 hadi 2005, Samson Mwathethe, mwana wa Kilifi, kutoka 2015 hadi 2020, na Charles Kahariri tangu mwaka 2024. Jeshi la Wanamaji lenyewe limewahi kuongozwa na Meja Jenerali Aboud Rafrouf. Tunayataja majina haya ili mtoto asidhani kwamba anaota kitu ambacho hakijapata kuwa.

Sasa tuingie katika njia zenyewe. Yafaa kwanza tutofautishe afisa na mwanajeshi wa kawaida, maana majumbani mwetu wote huitwa askari. Afisa ni yule aliyepewa kamisheni, yaani hati ya Amiri Jeshi Mkuu inayompa mamlaka ya kuamuru. Huanza na cheo cha luteni wa pili. Hapa kuna jambo dogo la ajabu ambalo huwachanganya hata wenye ndugu jeshini: Wanamaji wa Kenya hutumia majina ya vyeo yaleyale ya jeshi la nchi kavu. Katika jeshi la majini la Uingereza kapteni ni mtu mzima mwenye meli kubwa chini yake, aliye sawa na kanali wa nchi kavu. Kwetu, kapteni wa Wanamaji ni afisa kijana ambaye bado ana ngazi nyingi za kupanda. Basi mkisikia mtoto wa jirani amekuwa kapteni, furahini, lakini msidhani amekabidhiwa bahari yote.

Njia iliyo kuu ni ya kadeti. Huyu huingia akiwa amemaliza kidato cha nne. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe raia wa Kenya, umri wake uwe baina ya miaka 18 na 26, awe amepata gredi ya B au zaidi katika mtihani wa KCSE, kimo chake kisipungue mita 1.60, awe na afya njema na asiwe na rekodi ya jinai. Zaidi ya wastani huo, gredi za masomo fulani hutazamwa peke yake, na Kiingereza na Hisabati ndiyo yanayowaangusha wengi. Matangazo hubadilika kidogo kutoka mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tangazo la mwaka wenyewe ndilo la kusomwa, neno kwa neno, wala si maelezo ya mtu aliyeingia zama za babu.

Ni vyema mzazi apige hesabu hapa. Mtoto anayemaliza kidato cha nne akiwa na miaka 18 ana takriban miaka minane mbele yake kabla ya mlango huu kufungwa. Yule aliyechelewa kuanza shule, akarudia darasa, akamaliza na miaka 21 au 22, bado yumo, lakini hana nafasi ya kukaa barazani miaka mitatu akingoja mambo yajipe. Na gredi ya B haipatikani kwa mkesha wa mwisho. Anayetaka mlango huu aujue tangu kidato cha pili, wakati Hisabati bado zinaweza kurekebishwa.

Kadeti aliyechaguliwa hapelekwi baharini. Hupelekwa bara, Chuo cha Kijeshi cha Lanet huko Nakuru, ambako kuna ziwa lenye heroe lakini hakuna bahari. Makadeti wa nchi kavu, wa anga na wa majini hulelewa pamoja kwanza, kwa kuwa wote lazima wawe wanajeshi kabla ya kuwa kitu kingine. Siku hizi chuo hicho ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Ulinzi, kilichopewa hati mwaka 2021, na mafunzo ya kijeshi yamefungamanishwa na masomo ya chuo kikuu. Mtoto wa Pwani ajue jambo moja mapema: Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na asubuhi zake ni za baridi. Kijana aliyezoea kukimbia ufuoni bila kuchoka atashangaa pumzi ikimkatikia kilimani mbele ya wenzake wa Eldoret na Iten. Si udhaifu, ni mapafu ambayo hayajazoea, nayo huzoea baada ya majuma machache. Tunalisema kwa sababu kijana asiyelijua anaweza kuvunjika moyo katika siku zile za mwanzo, akadhani kazi hii haikuumbiwa watu wa kwao.

Baada ya Lanet ndipo aliyepangiwa Wanamaji hurejea Mtongwe kusomea bahari, na baadhi hupelekwa ng'ambo. Chuo cha Dartmouth nchini Uingereza kimewahi kuwafunza maafisa wetu, na Jenerali Mwathethe ni mmojawapo. Neno "aliyepangiwa" tumelitumia kwa makusudi. Kuingia ukadeti si ahadi ya kuingia Wanamaji, kwa kuwa makadeti hugawanywa kwa mujibu wa mahitaji ya majeshi. Kijana ambaye moyo wake hautakubali kamwe sare ya kijani ya nchi kavu, ajipime kabla ya kuomba.

Na atasoma nini huko majini? Hapa ndipo tungependa kukaa kidogo, maana wazazi wengi hufikiri uafisa wa baharini ni gwaride na saluti. Afisa wa zamu, akiwa juu ya meli saa nane za usiku, huwa na roho za watu wote waliolala chini mikononi mwake. Lazima ajue yupo wapi kwenye ramani, maji yana kina gani, mkondo unamsukuma kuelekea wapi, na ile taa nyekundu anayoiona mbali ni ya chombo kinachokuja au kinachopita. Maili ya baharini ina mita 1,852, nayo haikuchaguliwa ovyo: ni sehemu moja ya sitini ya digrii ya latitudo, ndiyo maana afisa hupima masafa moja kwa moja kwenye ukingo wa ramani. Pembe, mikondo na kasi hukutana katika mchoro mmoja, na mchoro huo ni zile hesabu za pembetatu ambazo mtoto wenu analalamika kwamba hazitamsaidia maishani. Kwa upande mwingine, mtoto aliyekulia Kizingitini au Vanga haingii mikono mitupu. Ajua bamvua na maji mafu kabla ya kufundishwa majina yake ya kitabuni. Ajua kusi inavyoichafua bahari na kaskazi inavyoituliza. Nahodha wa jahazi aliyekwenda Ghuba akarudi kwa nyota na kumbukumbu alikuwa akifanya kazi ileile, na tunasikitika kwamba ujuzi huo unazikwa pamoja na wazee wetu bila ya mjukuu hata mmoja kuukalia kitako na daftari.

Tumetaja taa nyekundu. Kila chombo usiku huwa na taa nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia, na kwa hizo afisa hutambua mwenzake ameelekea wapi. Mtu ambaye macho yake hayatenganishi nyekundu na kijani anaweza kusababisha maafa, ndiyo maana majeshi ya majini duniani kote huwapima vijana macho kwa ukali. Upungufu huu wa kutambua rangi hurithiwa, huwapata wavulana kuliko wasichana, na aghalabu mwenyewe hajui kwamba anao mpaka siku ya kupimwa. Kipimo chake ni kitabu cha vidoa vya rangi ambacho daktari wa macho anacho, wala hakichukui hata dakika kumi. Kama mwana amekwisha kutia nia, apimwe akiwa bado shuleni. Aliye na upungufu huo ajue mapema kwamba huenda zamu ya juu ya meli isiwe fungu lake, akatafuta taaluma nyingine ndani ya jeshi au nje yake, kuliko kuujenga moyo miaka sita halafu auvunje mlangoni.

Njia nyingine ni ya maafisa wenye taaluma. Hawa huingia wakiwa wamekwisha soma: madaktari, wahandisi, mawakili na wengineo ambao jeshi linawahitaji. Lazima wawe na shahada, na kwa zile taaluma zenye bodi, wawe wamesajiliwa na bodi hiyo. Umri wao katika matangazo ya miaka ya karibuni umekuwa hauzidi miaka 30. Njia hii ndiyo inayomfaa kijana aliyekosa gredi ya B katika KCSE lakini akapanda kwa subira kupitia diploma mpaka shahada, ingawa tena hesabu ya miaka haina huruma. Uhandisi huchukua miaka mitano na udaktari sita, kisha kuna mafunzo ya kazini na usajili. Anayezembea kidogo tu atajikuta ana 31 na karatasi zake zote zimekamilika. Uhandisi wa meli unasomeka humu nchini, na mhandisi wa meli ambaye hatakuwa afisa wa jeshi hatakosa kazi bandarini.

Katika njia hii mumo mlango ambao, kwa mshangao wetu, hautajwi sana misikitini: majeshi ya Kenya huwa na maimamu wake, wenye vyeo vya uafisa kama walivyo makasisi. Imamu wa jeshi huingia kama afisa mwenye taaluma, naye amewekewa umri mpana zaidi ambao matangazo yameutaja kuwa hadi miaka 39. Lazima awe na elimu ya dini iliyothibitishwa kwa vyeti vinavyotambulika, wala haitoshi kuwa na sauti nzuri ya kusoma. Vijana wetu wanaorejea na shahada za masomo ya Kiislamu wakakaa wakigombea mimbari moja kati ya wanne wangefaa kulijua hili. Na mama anayeuliza "mwanangu atasali na nani huko?" apate hapa sehemu ya jawabu lake: yuko mtu ambaye kazi yake aliyoajiriwa ni kuwasalisha, kuwanasihi, na kuwasindikiza wanapofariki.

Ya tatu ni ndefu kuliko zote, nayo ni ya kupanda kutoka chini. Kijana huingia kama kurutu, ambako gredi inayotakiwa ni ya chini sana, huenda Eldoret kwa mafunzo, hupangiwa Wanamaji, hutumika kama baharia, na baada ya miaka ya utumishi mwema na masomo ya ziada huweza kuteuliwa kwa kamisheni. Wanaofika ni wachache. Tusimwambie mtoto aingie ukurutu kwa ahadi kwamba atakuwa afisa, maana wengi watastaafu wakiwa sajini, na usajini ni kazi ya heshima inayolisha nyumba. Lakini afisa aliyepita huko ana kitu ambacho Lanet haiwezi kukitoa: amekwisha lala katika kitanda cha baharia, na anajua baharia anaponyamaza ananyamazia nini.

Kabla hatujaliacha swali la kwanza, tuondoe mchanganyiko mmoja. Kuna wanaosema "navy" wakikusudia meli za mizigo zinazotia nanga Kilindini. Hiyo ni kazi nyingine kabisa. Afisa wa meli za biashara husoma katika vyuo kama vile Bandari Maritime Academy hapa Mombasa, na cheti chake hutegemea mkataba wa kimataifa wa mabaharia wa mwaka 1978. Mkataba huo unamtaka mwanafunzi wa zamu ya meli awe baharini kwa muda usiopungua miezi 12 ndani ya mpango wa mafunzo uliokubaliwa. Hapo ndipo vijana wetu wengi wamekwama: darasa wamelimaliza, meli ya kuwachukua hawaipati. Mzazi anayelipa karo ya kozi ya namna hiyo aulize swali moja kabla ya kutoa pesa, nalo ni chombo gani kitakachompa mwanawe miezi hiyo. Ipo pia Huduma ya Walinzi wa Pwani, iliyoanzishwa mwaka 2018, ambayo nayo hulinda maji yetu na wavuvi wetu lakini si Jeshi la Wanamaji, na ina uajiri wake.

Na mabinti? Tunaulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na binti mwenyewe. Masharti ya elimu na umri ni yaleyale, isipokuwa uzito unaotakiwa ni mdogo kidogo, na asiwe na mimba wakati wa kuandikishwa wala wakati wa mafunzo. Kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 wanawake walitumika katika kikosi chao cha pekee, mpaka kilipovunjwa mwaka 1999 wakaingizwa katika majeshi yote. Fatuma Gaiti Ahmed alijiunga mwaka 1983, wakati mwanamke alikuwa bado hategemewi kuamuru wanaume. Mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza nchini kufikia ubrigedia, mwaka 2018 meja jenerali wa kwanza mwanamke, na mwaka 2024 akakabidhiwa uongozi wa Jeshi la Wanahewa, jambo ambalo halijapata kumfikia mwanamke yeyote kabla yake. Ni anga, si bahari, lakini jina lake ni Fatuma, na mabinti wetu wana haki ya kulisikia.

Suala la stara ni zito na hatutalipitia juujuu. Maisha ya mafunzo ni ya sare moja, mabweni, mbio za alfajiri na michezo ya maji. Familia iulize mapema, tena iwaulize maafisa waandikishaji wenyewe uso kwa uso, sio jirani aliyesikia kwa shemeji yake. Binti naye aamue akijua anachokiamua. Kuna kikwazo kingine ambacho hakihusiani na jeshi lolote bali na sisi: binti zetu hawajui kuogelea. Kaka zao hujirusha kutoka gatini tangu wana miaka sita, wao huishia kulowesha miguu. Mji uliozungukwa na maji pande zote unalea nusu ya watoto wake wakiwa hawana habari na maji hayo, hata kivuko kikizama. Wako akina mama katika miji yetu ambao wamekwisha kupanga saa za wanawake peke yao katika mabwawa ya kuogelea, na hilo linawezekana kufanywa bila ya kungoja ruhusa ya mtu.

Sasa lile swali la pili.

Jeshi si ofisi. Tarehe 28 Septemba 2012 Wanamaji wa Kenya walishiriki katika kuutwaa mji wa Kismayu kutoka baharini. Kwa mtu wa Nakuru hiyo ilikuwa habari ya redioni. Kwa Mbajuni wa Faza au Kiunga ulikuwa mji wa mashangazi, kwa kuwa ukoo wake umetandaa visiwani kutoka Lamu hadi huko, na mpaka ulipochorwa haukumuuliza. Afisa hachagui atumwe wapi. Mzazi anayempeleka mwanawe ajue kwamba anampeleka katika kazi ambayo siku moja inaweza kumtaka aelekeze mzinga mahali wanakoishi watu wa damu yake, na kwamba katika kazi hiyo watu hufa. Tumewasikia wazee wakisema kwa sababu hiyo hawatampa mtoto wao baraka kamwe. Hatuoni kwamba wanastahili kubezwa. Moyo wa mzee una hoja zake.

Lakini tuwatazame pia wavuvi wa Lamu katika ile miaka ya marufuku ya kuvua usiku. Mvuvi aliyesimamishwa gizani, taa kali machoni, anaulizwa kwa lugha asiyoizoea vizuri ametoka wapi na kwa nini mashua yake haina karatasi fulani. Karatasi hiyo pengine haipo kwa sababu babu yake hakuwa nayo wala hakuihitaji. Afisa aliye juu ya kile chombo kikubwa ana haki ya kuuliza, maana hatari zilikuwepo na watu walikwisha kuuawa. Tofauti ni nani anayeuliza. Afisa anayejua kwamba mvuvi wa jarife hutoka na maji, wala si na saa, atauliza namna nyingine, na mvuvi akijibiwa kwa Kiamu atasema mengi zaidi kuliko akipigiwa kelele. Vyombo vya doria vitaendelea kupita katika maji yetu tukipenda tusipende. Hatuwezi kulalamika kila Ijumaa kwamba walio juu yake hawatujui, kisha kila Jumatatu tukawazuia wanetu wasipande. Huo ndio mtazamo wetu, na wapo katika meza yetu ya uhariri wasioukubali wote.

Mwisho ni mambo ya karatasi, nayo yameharibu ndoto nyingi kuliko gredi. Kitambulisho cha taifa kiombwe mara tu mtoto anapotimiza miaka 18. Familia nyingi za Pwani na za mipakani zilizoea kusumbuliwa kwa usaili wa ziada, na tangazo la jeshi halingojei usaili. Jina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE na kitambulisho liwe moja. "Mohamed" na "Muhammad" ni mtu mmoja kwetu lakini huenda wakawa wawili mbele ya karani. Makadeti na maafisa wenye taaluma huomba kwa njia ya mtandao kupitia tovuti ya Wizara ya Ulinzi wakati tangazo linapotoka. Makurutu hufika wenyewe katika uwanja uliotajwa wa kaunti yao.

Na kuandikishwa hakulipiwi hata shilingi moja. Karibu kila msimu hutokea vijana wanaofika kambini Eldoret na barua za kuitwa walizouziwa kwa mamia ya maelfu ya shilingi, barua zenye nembo na mihuri kamili, wakakamatwa langoni. Nyuma ya kila mmoja huwa kuna shamba la minazi lililouzwa, dhahabu ya mama iliyowekwa rehani, au mchango wa ukoo mzima. Tapeli hachagui wajinga. Huchagua wenye haja, na huja na mtu mnayemfahamu, mara nyingi jamaa wa mbali anayesema ana "mkubwa" wake Nairobi. Atakayewajia na maneno hayo, msijadiliane naye bei wala msimwahidi jibu kesho. Mfungieni mlango, kisha mpigieni simu yule dada yenu ambaye naye ana mtoto wa umri huo, kwa maana ataelekea kwake kabla ya Magharibi.

Juma lijalo, inshaallah, tutaandika kuhusu wauguzi wetu wanaotafuta kazi Ghuba, na mikataba wanayotiwa kalamu mkononi waitie sahihi bila ya kuisoma.